Halua Akiachwa Peke Yake

Mhariri wa kitabu chetu aliponipigia simu kuniomba makala ya mwaka huu, alitaraji, kama ilivyo kawaida yangu, kuwa nitaandika juu ya sarufi au juu ya skuli zetu za zamani. Nilimjibu kuwa safari hii nitaandika habari za mbwa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mbwa gani, Maalim?" Nikamwambia ni yule mbwa wa nyumbani kwetu, ambaye jamaa mnamsema maarusini mkidhani mimi sisikii. Basi, ndugu wasomaji, kaeni kitako niwape mkasa wenyewe tangu mwanzo, kwa sababu najua ziko nyumba kadhaa katika jamaa zetu hapa Uingereza ambazo watoto wanalilia mbwa, na nyingine mbili ambazo mbwa keshaingia na mazulia yameshaliwa.

Mwezi wa Septemba 2023 mwizi aliingia nyumbani kwa binti yangu, ninakokaa tangu nilipostaafu ualimu. Ilikuwa usiku. Binti yangu ni muuguzi na alikuwa zamu. Mkwe wangu alikuwa safarini kwa kazi yake. Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mjukuu wangu wa miaka tisa. Mimi nililala fofofo, sikusikia kitu. Mtoto ndiye aliyeamka kwenda chooni akamkuta mtu mgeni ukumbini na kurunzi mkononi. Mtu yule alikimbia bila ya kumgusa, alhamdulillahi, lakini tangu usiku ule mtoto hakulala tena chumbani kwake. Alitandika godoro kando ya kitanda cha mama yake, na mama akiwa zamu alihamia kando ya changu. Skuli alisinzia darasani. Alipelekwa kwa wataalamu wakazungumza naye, na walimfaa kwa kiasi chake. Lakini yeye mwenyewe alitaka kitu kimoja tu: mbwa.

Nilipinga. Mimi nimesoma chuoni kabla ya kusoma skuli, na nimelelewa katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo kwayo mbwa ni najisi nzito: akikugusa kwa mate yake huoshi mara moja, unaosha mara saba, na mojawapo ni kwa udongo. Mkwe wangu, ambaye ni kijana wa kusoma, alinijibu kwa adabu. Alinikumbusha kuwa wafuasi wa Imam Malik wanamhesabu mbwa kuwa tohara. Akanikumbusha pia kuwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa katika hadithi, na kwamba wako wanazuoni waliopima kwa hao wakamruhusu na wa kulinda nyumba. "Na nyumba hii, Baba, imeshaingiliwa." Sikuwa na jawabu. Niliweka masharti yangu: mbwa asipande ghorofani ninakosalia, akae jikoni na ukumbini, na uwanjani niwekewe ndoo ya udongo safi yenye kifuniko. Ndoo hiyo ipo mpaka leo. Mwezi wa Januari udongo huganda ukawa kama jiwe, na mimi huuvunja kwa kijiko.

Basi Novemba akaja, mwenye wiki tisa, wa jinsi ya Labrador, rangi yake kama halua iliyoiva. Mtoto akampa jina hilo hilo, Halua. Nilimwambia mjukuu wangu kuwa halua huliwa, haili. Sikujua nilikuwa nasema kweli kiasi gani.

Katika miezi miwili ya mwanzo Halua alitafuna ndara tatu, miguu miwili ya kiti, waya wa taa (taa haikuwa imewashwa, Mungu alitunusuru), pembe ya zulia, ubao wa chini ya ukuta karibu na mlango wa mbele, na kofia yangu ya viua ambayo binti yangu alinidarizia kwa mkono wake mwaka mzima. Na mara zote, au karibu na zote, ilikuwa wakati nyumba haina mtu.

Hapa lazima nikiri. Mimi ni mstaafu, sina kazi ya kwenda. Wakati mbwa huyu ananunuliwa, wote walihesabu kuwa Babu atakuwa nyumbani. Na mimi, kwa kuwa sikumtaka, nilikuwa nikijitafutia safari. Asubuhi maktaba, adhuhuri msikitini, kisha barazani kwa rafiki yangu mpaka alasiri. Kiumbe wa miezi mitatu alikaa peke yake saa tano, mara nyingine sita. RSPCA, kile chama cha hapa cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilichoanzishwa London mwaka 1824, hushauri kwamba hata mbwa mzima asiachwe peke yake zaidi ya saa 4. Mimi nilikuwa sijasoma hayo, na lau ningeyasoma nadhani ningalikwenda barazani vile vile.

Siku moja ya Januari 2024 nilirejea nikamkuta juu ya makubadhi ya marehemu baba yangu. Baba alishonewa makubadhi yale Mombasa, na nilikuwa nimeyaweka ndani ya mfuko wa nguo chini ya ngazi, kwa kuwa hayakuwa na pahala pengine. Moja lilikuwa zima. La pili lilikuwa limebaki kisigino na ukanda mmoja. Nilichukua gazeti nikalikunja nikampiga nalo. Halua alijikunyata akajikojolea, na mjukuu wangu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka skuli, alisimama mlangoni akaniangalia. Hakusema kitu. Usiku huo mkwe wangu alisema, "Baba, tumechoka sote. Mwisho wa mwezi arudi alikotoka." Mtoto, ambaye kwa wiki tatu alikuwa amerudi kulala chumbani kwake maadamu anamsikia Halua akikoroma chini, alichukua godoro lake akalirejesha kando ya kitanda changu. Wallahi sikulala. Kabla ya alfajiri nilikuwa nimeamua, na wakati wa chai nilimwambia mkwe wangu, "Nipe siku 40."

Jambo la kwanza nililofanya ni kumpeleka kwa daktari wa wanyama, bibi mmoja wa makamo mwenye subira. Alimfungua kinywa akanionyesha. Mtoto wa mbwa huota meno 28 ya utoto. Kuanzia mwezi wa tatu hivi meno hayo huanza kung'oka, na mahala pake yakaja meno 42 ya utu uzima, ambayo kwa kawaida huwa yametimia kufikia mwezi wa saba. Katika muda huo fizi zinamuwasha na kumuuma, na kutafuna ndiko kunakompoza. Hata baada ya hapo, mbwa wa jinsi hii hupenda kutafuna mpaka apite mwaka mmoja na zaidi, maana yeye hana mikono. Akitaka kujua kitu ni kitu gani hukitia kinywani. Kwa nini ngozi? Kwa sababu ina harufu ya mnyama na harufu ya mtu pamoja. Makubadhi ya baba yangu kwake yalikuwa karamu.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitaraji. Alitaka kujua huharibu vitu vya wapi. Nilimtajia, na nilipofika kwenye ubao wa karibu na mlango wa mbele alinikatiza. Akanieleza kuwa mbwa mwenye kutafuna kwa meno au kwa uchovu wa kukaa bure hula chochote popote, tena kwa raha zake. Lakini mwenye kuharibu mlango na dirisha, yaani pale watu wake walipopotelea, huenda hachezi bali ana hofu ya upweke, na dawa zake si moja. Akanishauri niache simu ikipiga picha nikitoka.

Niliiegemeza simu juu ya friji, nikatoka, nikazunguka mtaa kwa muda wa nusu saa. Ndugu zangu, niliyoyaona yalinitia haya. Kwa dakika tatu alikaa akiangalia mlango. Kisha akaanza kulia, si kubweka, kulia hasa. Dakika ya kumi alikuwa akiparua mlango, akizunguka, mate yanamtoka. Akachoka, akalala kidogo, akaamka, na ndipo kwa utulivu kabisa akakiendea kiti na kuanza kukitafuna mguu. Kwa hivyo ziko mbwa mbili ndani ya mbwa mmoja, mwenye hofu na mwenye meno, na mimi nilikuwa nimewapiga wote wawili kwa gazeti moja.

Juu ya kupiga nataka kukaa kidogo. Sisi sote husema, "Anajua kosa lake, mtazame anavyojikunyata." Mwaka 2009 mtaalamu mmoja wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilijaribu jambo hili. Mbwa alikatazwa chakula, mwenye mbwa akatolewa chumbani, kisha akaambiwa kuwa mbwa kala au hakula, mara nyingine kwa kweli na mara nyingine kwa uongo. Ikaonekana kuwa uso ule wa kukiri kosa hutokea mbwa akikaripiwa, awe kala au hakula. Na wale wasiokuwa na kosa waliokaripiwa waliuonyesha zaidi. Maana yake, mbwa hasomi kosa lake, anasoma hasira yako. Ukimpiga kwa kitu alichokitafuna saa mbili zilizopita, yeye anajifunza jambo moja tu, kwamba ukirudi nyumbani kuna hatari. Na mbwa ambaye tayari anaogopa kuachwa, sasa anaogopa na kurejewa.

Wako wanafunzi wangu watakaousoma ukurasa huu ambao wanaikumbuka bakora yangu. Nilifundisha miaka 33 na sikuwa na shaka nayo. Mvulana akijikunyata nilisema kaelewa. Nimeyafikiri haya mara nyingi jikoni, nikiwa nimekaa juu ya kibao na mbwa miguuni, na sitaki kuyaongeza hapa.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza tuliisafisha nyumba. Kila cha kutafunwa kilipanda juu au kiliingia ndani ya kabati: viatu, rimoti, vitabu, mikoba, nyaya za umeme. Hili peke yake lilipunguza hasara kwa nusu. Jikoni tulimzungushia kizizi cha waya chenye nafasi ya kutosha, kitanda chake upande mmoja, maji upande wa pili. Hatukumfungia siku ya kwanza. Kwa wiki nzima alipewa chakula chake humo mlango ukiwa wazi, mpaka akawa anaingia mwenyewe kulala mchana. Wengine hutumia tundu dogo la chuma, na wako mbwa wanaolipenda, lakini mwenye hofu akifungiwa ghafla katika tundu huweza kujivunja meno na kucha akitaka kutoka.

Pili, tulimpa vya kutafuna vilivyo halali yake. Kitambaa kilichorowekwa maji na kugandishwa katika friza, karoti baridi, na ule mpira mnene wenye uwazi ndani unaoitwa KONG. Mpira huu una kisa chake: Joe Markham wa Marekani, katika miaka ya 1970, alikuwa na mbwa mwenye kujivunja meno kwa kutafuna mawe, mpaka siku moja mbwa akakiokota kipande cha mpira cha gari la Volkswagen na akakipenda. Halua tulimjazia wake chakula chake mwenyewe kilicholowekwa, au wali mweupe na kuku wa kuchemsha bila ya chumvi, kisha tukaugandisha. Humchukua nusu saa kuumaliza. Hupewa wakati mtu anatoka tu, na ukirudi huondoshwa, ili kutoka kwako kuwe na faida kwake. Vya kuchezea vinne tulivigawa viwili viwili kwa siku, kwani chenye kuonekana kila siku humchosha. Kiatu kibovu usimpe kamwe. Hawezi kujua kuwa hiki kimechakaa na kile ni cha sikukuu. Iko pia dawa chungu ya kunyunyizia miguu ya meza. Nyumba nyingine imewafaa. Halua aliiramba kama achari.

Hapa akina bibi nisikilizeni, maana mapenzi yetu ni ya sahani. Mabaki ya pilau na biriani si chakula cha mbwa. Vitunguu maji na thomu vinaharibu damu yake, zabibu zinaweza kumuua figo, na kungumanga ikizidi ni sumu. Chokoleti vile vile, na mbaya kuliko zote ni zile peremende na ubani zisizokuwa na sukari ambazo zimetiwa xylitol. Kokwa ya tende inaweza kumziba utumbo. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Mimi niliwakuta jamaa watatu siku ya Idi wakimtupia Halua kwa huruma, na kila mmoja alidhani yeye ni wa kwanza.

Tatu, na hii ndiyo iliyotula zile siku 40, tulimfundisha kuachwa. Nilianza kwa kuchukua funguo na kuvaa koti kisha nikakaa nikanywa chai, mara kumi kwa siku, mpaka mlio wa funguo ukawa haumshughulishi. Kisha nikatoka nje ya mlango nikahesabu mpaka tano, nikaingia bila ya maamkizi wala shangwe. Kisha kumi. Kisha nusu dakika. Kanuni ni kurudi kabla hajaanza kulia; akilia, basi umemzidishia, na safari inayofuata ifupishe. Majirani waliniona mzee mzima natoka na kuingia nyumbani kwangu katika baridi ya Februari, na mmoja aliniuliza kwa upole kama nimesahau kitu. Siku ya 20 tulikuwa tumefika dakika saba tu. Mkwe wangu alitazama kalenda, hakusema neno. Lakini baada ya kuvuka nusu saa mambo yalifunguka yenyewe, na siku ya 38 alikaa saa moja na robo, na simu ilimwonyesha amelala chali.

Katika muda huo wote hakuachwa hata siku moja zaidi ya kipimo chake, la sivyo unajenga asubuhi na kubomoa jioni. Mkwe wangu alipanga kufanya kazi nyumbani kila Alkhamisi. Ijumaa bibi mmoja jirani, mjane wa Kiingereza, alikuja kukaa naye mpaka nirudi msikitini, na sasa hatoki bila ya kupewa mahamri. Baraza yangu niliihamisha. Marafiki walianza kuja kwetu, wakikunja kanzu zao hadi magotini wanapopita ukumbini, ingawa nimewaeleza mara nyingi kuwa kikavu kwa kikavu hakinajisishi.

Kabla ya kutoka, mtembeze na umngoje ajisaidie, kisha mtawanyie punje za chakula majanini azitafute kwa pua. Dakika kumi za kunusa humchosha kuliko mbio, na mtoto wa mbwa aliyechoka hulala. Kawaida yake ni kulala saa 18 kwa siku au zaidi.

Na akikamatwa na kitu kinywani, msimkimbize wala msipige kelele, kwani kwake huo ni mchezo mtamu kuliko yote. Mpe badala yake. Tulimfundisha neno moja la kuachia, na palitokea ubishi wa lugha: mtoto alisema lake kwa Kiingereza, mimi langu kwa Kiswahili, mbwa akawa hamsikilizi yeyote. Tukakubaliana iwe "acha". Baada ya hapo zikaja "kaa", "ngoja" na "njoo", na mjukuu wangu, ambaye nilikuwa nikimsemesha Kiswahili akinijibu Kiingereza tangu azaliwe, akalazimika kuyatamka vizuri ndipo asikilizwe. Sasa humsemesha Halua sentensi nzima nzima. Ngeli zake si kamili, lakini mbwa hamsahihishi, na mimi nimeona ninyamaze.

Siku ya 40 ilipita bila ya mtu kuitaja. Kufikia mwezi wa Mei meno yalikuwa yametimia, na kwenye sikukuu ya skuli ya mwezi wa Julai tulimwacha saa tatu tukarudi tukakuta kila kitu mahali pake. Mtoto analala chumbani kwake, mlango wazi.

Sidai kuwa amekuwa walii. Wiki mbili kabla ya kuandika haya alimaliza pembe ya kamusi yangu, lakini kamusi ilikuwa juu ya kiti, na aliyeiacha juu ya kiti ni mimi. Kubadhi lililosalia nimelifunga katika kanga ya marehemu mke wangu na kuliweka juu ya kabati ghorofani, ambako Halua mpaka leo hajapanda.